Kigari cha mbio kinataka mafuta ya sumu: vijana waanze na mikono

BUTEMBO – Video moja inapita simu kwa simu. Kigari kidogo, urefu wa mkono wa mtu, kinakata kona kwenye lami kwa mwendo wa gari kubwa, kinalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mwenye kukiendesha amesimama juu ya jukwaa, telekomande mikononi, macho hayapepesi. Kijana wa Butembo akiisha kuona hiyo video, swali lake ni moja: kigari kama hicho kinapatikana wapi, na mtu anaanza namna gani?

Swali hilo halifai kuchekwa. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wengi wao wanajua njia ya Guangzhou na ya Dubai kuliko njia ya Kinshasa. Kontena ikitoka Mombasa na kuvuka Kasindi, ndani yake mnaweza kuwa na kitu chochote ambacho mtu ameagiza. Boksi la kigari cha mbio linaweza kufika kesho asubuhi, kabla hata mtu mmoja hajajua kulitumia. Ndiyo maana jibu lipatikane leo, si siku ile mtoto amekwisha kuumia.

Jibu lenyewe ni fupi. Mchezo uje, lakini uje kwa utaratibu: mikono kwanza, umeme pili, mafuta mwisho. Na chupa ya mafuta ya kigari hicho isilale hata usiku mmoja ndani ya nyumba ambamo familia mbili zinagawana chumba, bidoni ya maji na kikombe.

Mchezo wenyewe ni nini

Watu wasidanganyike na udogo wake. Mbio hizi zilikua huko Japani, Ulaya na Marekani, na kule zina kanuni kama michezo mingine. Shirikisho la dunia linaitwa IFMAR; Ulaya wako chini ya EFRA, Amerika ya Kaskazini chini ya ROAR. Mwitaliano Lamberto Collari alipata jina kubwa kwa kuchukua ubingwa wa dunia mara nyingi katika vigari hivi vya lami. Viwanda navyo vinajulikana: Kyosho na Mugen Seiki ni vya Japani, Xray ni ya Slovakia, Serpent ilianzia Uholanzi. O.S. ya Osaka inatengeneza injini ndogo tangu mwaka 1936.

Vipimo viwili ndivyo vinavyotumiwa zaidi. Cha kwanza ni moja ya kumi ya gari la kweli, chenye injini ya sentimita mchemraba 2.11. Cha pili ni moja ya nane, chenye injini ya 3.5. Hicho cha pili kina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na kwenye lami nzuri kinapita kilomita 100 kwa saa. Tangi la kile kidogo linabeba mililita 75, la kile kikubwa 125. Mafuta hayo yanaisha kwa dakika chache, lakini mbio za mwisho zinaweza kuchukua nusu saa ao saa nzima. Kwa hiyo dereva hawezi kuwa peke yake. Msaidizi anainama kando ya njia na chupa yake, anajaza tangi kwa sekunde mbili tatu, kigari kinaruka tena. Mbio nyingi zinapotea pale, si kwenye kona.

Injini yake inazunguka kwa mapigo mawili, sawa na ile ya msumeno wa kukata miti, ao ya ile moto ya Yamaha AG100 ambayo mekanisie wengi wa huku wameifungua na kuifunga tena. Tofauti ni kwamba haina buji ya kutoa cheche. Ina buji yenye waya mwembamba wa platini. Mtu anaupasha moto waya huo kwa batri ndogo wakati wa kuwasha. Injini ikishika, batri inaondolewa, na waya unabaki mwekundu kwa sababu mafuta yenyewe yanaendelea kuuchoma yakigusa platini.

Hapo ndipo kosa la kwanza litatokea Butembo. Kijana atapata kigari bila mafuta yake, maana mafuta hayo hayakubaliwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Atakwenda kwa kadhafi kando ya barabara, atanunua esansi ya chupa moja, atamimina. Injini haitashika. Esansi haiwezi kuuweka waya ule mwekundu. Tena haina mafuta ya kulainisha, na injini hii haina mahali pengine pa kuwekea oili: yote inatoka ndani ya mafuta ya tangi. Kijana atavuta kamba mpaka mkono uchoke, pistoni itakwaruzika, na mamia ya dola za baba yatakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Tena esansi iliyomwagika ndani ya chumba haihitaji kigari ili iwake. Mshumaa mmoja unatosha.

Chupa inayofanana na chupa zingine

Mafuta ya kweli ya kigari ni mchanganyiko wa vitu vitatu: metanoli, ambayo kwa kawaida ndiyo nyingi zaidi, nitrometani, na mafuta ya kulainisha. Metanoli ni pombe, lakini si pombe ya kunywa. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu mzima. Mililita 30 zinaweza kumuua. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba haisemi haraka. Mtu anaweza kunywa jioni, akalala, na kesho yake ndipo kichwa kinauma, tumbo linavuruga, macho yanaona ukungu. Wakati huo sumu imekwisha kufanya kazi yake. Anayeshukiwa kunywa apelekwe hospitali saa ileile, bila kungoja dalili, na chupa ipelekwe pamoja naye ili muganga ajue ni kitu gani.

Sasa mtu aangalie chupa zinavyoishi katika nyumba za mji huu. Chupa ya maji ikiisha, inatiwa mafuta ya ngazi. Ingine inatiwa esansi. Ingine kasiksi. Ingine kanyanga. Hakuna anayeandika juu yake. Mwenye nyumba anajua ipi ni ipi kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka. Lakini familia iliyotoka Lubero ao upande wa Beni ikikimbia vita, na ikapokelewa chumba cha nyuma, inajua namna gani? Mtoto wa miaka minne aliyeamka na kiu hasomi. Wenye kuuza mafuta hayo mara nyingi wanayatia rangi ili yatambulikane. Mtoto akiona rangi atadhani ni Fanta.

"Mwanangu, hiyo chupa chini ya kitanda ni ya nini?" mama atauliza. "Mama, ni ya kigari changu, usiiguse." Maneno hayo hayatoshi. Anayelala upande wa pili wa pazia hakuyasikia.

Kuna jambo lingine ambalo katika mkoa huu haliwezi kusahauliwa. Nitrometani inaweza kutumiwa pia kutengeneza baruti. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo: tangu mwaka 2021, mtu wa kawaida kule haruhusiwi kununua mafuta yenye zaidi ya asilimia 16 ya nitrometani bila ruhusa ya serikali. Kama Ulaya yenye amani inaogopa, kijana wa Kivu ya Kaskazini atajieleza namna gani kwenye bariera, usiku, chupa iko mfukoni na jina hilo limeandikwa juu yake? Askari hatamwuliza kama anapenda michezo.

Sauti na mwendo

Injini ya kigari hiki inapita mizunguko 30,000 kwa dakika. Sauti yake ni nyembamba na kali, inasikika mbali, na inakuja kwa ghafla. Kwa mtoto aliyezaliwa mahali penye amani, ni sauti ya furaha. Kwa mtoto aliyetembea usiku kucha na godoro kichwani juu ya kusikia milio, ni kitu kingine. Wazazi waliohama hawahitaji kuelezwa. Wanajua namna watoto wao wanavyoruka mlango ukipigwa na upepo. Kuleta sauti hiyo karibu na shule ao na kanisa ambamo watu hao wanalala, kwa sababu tu pale kuna kiwanja kizuri, ni kukosa heshima.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwa kilomita 100 kwa saa, kigari kinavuka karibu mita 28 kwa sekunde moja. Kilo mbili na nusu kwa mwendo huo zinavunja mguu wa mtu mzima. Ndiyo maana kwenye viwanja vya kweli watazamaji wako nyuma ya wavu, na dereva amesimama juu ili aone njia yote. Kigari chenyewe kinawekewa kifaa kinachofunga freni mara tu mawasiliano na telekomande yanapokatika. Avenyu za Butembo hazina wavu. Zina mama wenye kuuza nyanya chini, zina moto zinazopita pande zote, zina chukudu inayoshuka na magunia ya makala na haiwezi kusimama haraka. Mwenye kusema "tutacheza barabarani Jumapili asubuhi" hajafikiri watu wa misa ya kwanza.

Mchezo si wizi wa chakula

Wengine watapinga kwa upande mwingine. Watasema: watu hawana unga, watoto hawajarudi shuleni, na hapa kunazungumzwa vigari? Kwa bei, wana haki. Shasi moja nzuri ya mbio, bila injini na bila telekomande, inaweza kupita dola 500. Injini ya mbio ni mamia mengine ya dola. Mipira yake ya povu inalika kama sabuni. Anayeanza na pesa hiyo wakati mpangaji wake amekosa karo ya mtoto, ajiulize mwenyewe.

Lakini kusema mchezo ungoje mpaka vita iishe, hiyo si haki. Hakuna anayeiambia mpira wa miguu ungoje. Familia iliyopoteza shamba, nyumba na mbuzi haijapoteza mikono, wala mtoto wake hajapoteza akili. Mtoto aliyehama anaitwa kila siku kwa orodha: ya mahema, ya unga, ya mablanketi. Siku akiitwa kwa sababu kigari alichotengeneza kimefika cha kwanza, hiyo ni orodha ya namna ingine. Na kijana anayesubiri kazi kwenye kona ya barabara, akiwa na kitu cha kufungua na kufunga, ana sababu moja zaidi ya kukataa wale wanaokuja kumwita porini.

Kwa hiyo swali si kama mchezo uje. Swali ni uanzie wapi.

Kwanza mikono

Uanzie pale ambapo watoto wa huku wamekwisha kufika. Kila kartie ina mtoto anayejua kutengeneza gari la waya, la kopo la mafuta, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili ya zamani. Kuna wanaochonga chukudu ndogo za mti, na kufunga mpira wa tairi kwenye gurudumu kama wanavyofanya wakubwa. Butembo ni mji wa vilima. Mteremko ni bure. Vigari ishirini juu ya kilima, mstari wa chaki chini, na mbio zimeanza bila dola hata moja.

Huu si mchezo wa kupoteza muda. Mtoto ambaye kigari chake kinakwenda upande anajifunza kunyoosha ekseli. Ambaye kigari chake kinapinduka anajifunza kuweka uzito chini. Ambaye gurudumu lake linakwama anajifunza kulainisha. Hayo matatu ndiyo mambo ambayo bingwa wa Japani anashughulika nayo kabla ya mbio, na yeye hana elimu nyingine ya siri.

Kuna sharti moja ambalo mzazi asilegeze. Vyuma vitoke jikoni na kwenye karakana ya fundi, visitoke porini ao mashambani ambako watu walipigana. Kitu cha chuma kisichojulikana, hata kikiwa na umbo zuri la gurudumu, hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakibebwi nyumbani. Mtoto aache pale, arudi kwa njia aliyojia, amwambie mtu mkubwa. Mabaki ya vita hayajui kama mshikaji ni mtoto anayecheza.

Pili umeme

Baada ya hapo, kama mfanyabiashara anataka kusaidia kweli, alete kigari cha umeme cha moja ya kumi, cha bei ya chini, na telekomande ya 2.4 GHz. Hakina sumu, hakipigi kelele, na batri yake inaweza kuchajiwa pale watu wanapochajia simu kwa jua, mradi kuna chaja yake. Kwa wanaoanza, batri za NiMH ni salama zaidi; zile za lipo ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikitobolewa ao zikichajiwa vibaya zinawaka. Batri isichajiwe juu ya godoro wala wakati watu wamelala.

Kigari kimoja kinatosha vijana kumi, zamu kwa zamu. Chupa mbili zenye mchanga zinasimamishwa chini, na dereva anazunguka kwa umbo la nane. Hapo atagundua jambo linalowashinda wote siku ya kwanza: kigari kikija kumwelekea, kushoto inakuwa kuume na kuume inakuwa kushoto. Atajifunza kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Atajifunza kwamba anayezunguka mara ishirini bila kugonga anamshinda mwenye mbio anayepinduka mara tano. Nitro haiwezi kumfundisha hayo kwa haraka zaidi. Inaweza tu kumtoza pesa zaidi kwa kila kosa.

Mwisho mafuta, na yawe na mlinzi

Nitro ikija, mahali pake ni karakana ya shule ya ufundi, chini ya mekanisie mtu mzima. Pale inaweza kuwa somo kubwa. Injini mpya inataka rodaji: matangi kadhaa kwa mwendo wa pole, karburateri ikiwa wazi kidogo ili mafuta yawe mengi na moshi uonekane. Moshi ukikosekana, mafuta ni machache, joto linapanda, pistoni inakufa. Mafundi wengi wanapenda joto la kichwa cha injini liwe kati ya digri 100 na 120. Mwanafunzi anayejua kusikiliza injini hiyo na kugeuza skrubu ya karburateri robo kwa robo, kesho atasikiliza moto ya mteja na kujua ugonjwa wake kabla ya kuifungua.

Lakini mafuta yawe na kanuni zisizopunguzwa. Yabaki katika chombo chake cha kiwandani, yafungwe kwa kufuli, mtu mmoja ashike ufunguo, na kila mililita inayotoka iandikwe. Yasihamishiwe kwenye chupa ya maji hata kwa dakika moja. Yajazwe nje, si ndani, na mbali na sigara, maana moto wa metanoli mchana hauonekani vizuri: mtu anaweza kuungua kabla ya kuona ndimi zake. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziwe karibu. Mikono ioshwe kabla ya kula. Mchezo ukiisha, tangi limwagwe na kubaki tupu. Kiwanja kiwe mbali na mahali familia zilizohama zinalala, na saa zitangazwe mapema, hata kwa redio, ili hakuna mzazi atakayebeba watoto na kukimbia kwa ajili ya kigari.

Anayeona masharti hayo ni mengi, amejibu swali lake mwenyewe: bado hajawa tayari kwa nitro. Si aibu. Abaki na umeme, ao arudi kilimani na watoto wa waya.

Na mfanyabiashara ambaye tayari ameweka boksi hilo kwenye orodha ya mizigo, aulize jambo moja kabla ya kulipa: ufunguo wa mafuta utashikwa na nani? Kama hakuna jina la mtu, boksi libaki Guangzhou.